Dirisha la Excel limetoka nje ya skrini na mausi imekufa, naliokoaje kwa kibodi tu?

karani_newala:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala, msimu ndo umekolea na mnajua wenyewe mkulima akishasikia mnada umepita hataki stori nyingine zaidi ya hela yangu inaingia lini. Sasa jana tulikuwa na mkutano tukafunga projekta kuwaonyesha wanachama orodha ya kilo na makato, mkutano ukaisha salama, projekta ikarudi kwa mwenyewe maana tulikodi. Leo nafungua lile faili la Excel silioni. Na halijafutika, kule chini kwenye mstari wa programu naliona limewaka kabisa, nikishika Alt na Tab naona hadi kapicha kake, nikiachia skrini inabaki tupu vilevile, yaani ni kama limedumbukia Shimo la Mungu, lile bonde letu la huku Newala.

Kibaya zaidi tachipedi ya hii laptopu ilishakufa zamani, natumia mausi ya waya nayo leo imegoma, hata ile taa ya chini haiwaki. Mausi nyingine nitapata kesho kama kuna mtu anapanda kutoka Mtwara mjini. Orodha inatakiwa kuprintiwa leo leo. Ni Windows 10, Excel ni ya kizamani ile ya 2007. Nipeni shotikati za kibodi wakuu, mtu afanye kila kitu bila mausi, inawezekana kweli?

Fundi_Chikongola:
Inawezekana sana mkuu, tena hilo tatizo kila msimu wa mikutano na semina naletewa dukani, mtu anakuja anasema laptopu imeliwa na virusi kumbe dirisha lipo tu limekaa mahali ambapo hakuna skrini.

Kwanza angalia pembeni ya laptopu, ile adapta ya projekta bado imechomekwa? Kama ipo chomoa. Kuna adapta zikibaki zimechomekwa mashine inaendelea kuamini kuna skrini ya pili. Ukishachomoa shika kitufe cha Windows gonga P, itakuja orodha pembeni, nenda na mshale hadi ule mstari wa juu kabisa, wa kutumia skrini ya kompyuta peke yake, gonga Enter.

Likiwa bado halijarudi, nenda na Alt na Tab mpaka uwe juu ya hiyo Excel, achia. Usiguse kitu kingine. Sasa shika Alt gonga spesi, achia vyote, gonga herufi M. Hapo umeliambia dirisha lihame. Halafu bonyeza mshale wa kushoto na uushikilie tu, usiwe na haraka, mana linatembea kidogo kidogo, utaliona linachomoza upande wa kulia. Likikaa unapotaka gonga Enter. Kama halichomozi jaribu mshale wa kulia, inategemea projekta mliiweka upande gani.

Ile Alt na spesi inafungua kamenyu kanakokaa kwenye kona ya juu kushoto ya kila dirisha, watu wengi hawajawahi kukafungua maisha yao yote. Hata usipokaona kwa sababu kenyewe kako huko huko nje, herufi inafanya kazi.

Mbishi_wa_Ruangwa:
Fundi unamzungusha mwenzio bure. Siku hizi nani anatumia Alt na spesi, hayo mambo ya enzi za disketi. Shika Windows na Shift gonga mshale wa kushoto, dirisha linaruka lenyewe kutoka skrini moja kwenda nyingine, sekunde moja kwisha. Likigoma, Windows na mshale wa kushoto bila Shift, linajibandika nusu ya skrini. Hizi zipo toka Windows 7 ya 2009, watu hamtaki kujifunza tu.

Fundi_Chikongola:
Mbishi ile ya Shift inaruka kama mashine inaona skrini mbili. Yeye projekta imeshaondoka, inaruka kwenda wapi? Hiyo ya kubandika nusu sikatai, mara nyingi inasaidia, ajaribu. Ila nimeona programu za zamani zinabandikwa kila siku zikifunguliwa zinarudi kulekule.

karani_newala:
Asanteni wakuu. Adapta kweli ilikuwa bado imechomekwa, nimeitoa, nimefanya Windows na P. Bado. Nimefanya Alt na spesi, menyu imetokea pembeni kabisa ya skrini kidogo tu inaonekana, nikigonga M haifanyi kitu. Nimerudia weee. Neno Move naliona limefifia kama vile limezimwa. Hapa nje kuna wazee wameshakaa kwenye benchi wananiangalia.

Mzee_wa_Mikindani:
Mwanangu hilo neno limefifia kwa sababu dirisha limepanuliwa mpaka mwisho, na dirisha lililojaa skrini nzima halihamishwi kwa njia hiyo. Fungua tena Alt na spesi, safari hii gonga R kwanza. R inalirudisha kwenye ukubwa wake wa kawaida. Halafu tena Alt na spesi, M, mshale kama fundi alivyokuelekeza. Ukishalirudisha hapo mbele yako, Alt na spesi kisha X, litajaa skrini.

Kwa kuwa unasubiriwa fanya hilo kwanza, haya mengine utasoma baadaye.

Huyu kijana wa Ruangwa anasema ni mambo ya enzi za disketi, ni kweli kabisa, na ndiyo maana yanafanya kazi. Mwaka 1987 kampuni ya kompyuta ya IBM walitoa utaratibu wao ukiitwa CUA, walitaka mtu akijua programu moja aweze kuendesha na nyingine bila kufundishwa upya, na wakati huo kompyuta nyingi hazikuwa na mausi kabisa. Kwa hiyo kila kitu ilibidi kiwe na njia ya kibodi, menyu zote, madirisha yote. Alt na F4 ya kufunga dirisha imetoka huko. F1 ya kuomba msaada imetoka huko. Hata kunakili kwa Ctrl na Insert, kubandika kwa Shift na Insert, kukata kwa Shift na Delete, jaribuni leo kwenye Windows zenu mtakuta bado zinapiga kazi. Microsoft walizichukua wakaweka kwenye Windows na hawajathubutu kuzitoa, maana kuna watu mabenki na maofisi vidole vyao vimeshazoea na ukivigusa watakupigia kelele dunia nzima.

Mimi nimeanza kazi na Windows 3.1, ile ya 1992. Kibodi zetu hazikuwa na hicho kitufe cha Windows mnachokisifia, kimekuja baadaye, Microsoft walikiweka kwenye kibodi yao ya Natural mwaka 1994 kisha Windows 95 ikakifanya kiwe maarufu. Sisi tulikuwa na Ctrl na Esc, inaleta orodha ya programu zilizo wazi. Leo ukigonga Ctrl na Esc inafungua menyu ya Start, na Ctrl, Shift na Esc inakuletea Task Manager moja kwa moja bila kupitia Ctrl, Alt na Delete. Programu ikiganda hiyo ndiyo dawa, unaishukia kwa mshale unagonga Delete inakufa.

Mbishi_wa_Ruangwa:
Mzee wangu shikamoo, sijakataa yanafanya kazi, nasema yapo ya haraka zaidi. Sasa mtu wa leo ana madirisha kumi unamwambia Alt spesi R, Alt spesi M, sijui X, si atazeeka.

Mzee_wa_Mikindani:
Marahaba. Ya haraka yatumie dirisha likiwa mbele yako. Likishapotea utakuja kwa wazee.

karani_newala:
WAKUUUU limerudi!! R ndo ilikuwa funguo. Mzee Mungu akupe umri mrefu. Sasa imekuja nyingine, Excel yenyewe naiona, menyu zote zipo juu, ila ndani kuna rangi ya kijivu tu, ule ukurasa wenye majina haupo. Au ndo umebaki kwenye projekta?

Mzee_wa_Mikindani:
Haujabaki popote. Excel ya 2007 ni ya mtindo wa zamani, dirisha kubwa moja na ndani yake madirisha madogo, kila faili na lake. Kuanzia Excel 2013 waliacha mtindo huo, kila faili linajitegemea. Lako dogo limesogea nje ya lile kubwa. Gonga Ctrl na F10, litajaa humo ndani. Kama una mafaili zaidi ya moja na limekuja lisilo lenyewe, Ctrl na F6 inazungusha moja baada ya jingine.

Ukitaka kukumbuka kwa urahisi, Alt inashughulika na dirisha kubwa, Ctrl inashughulika na lile la ndani. Alt na F4 inafunga Excel nzima, Ctrl na F4 inafunga faili moja. Alt na Tab inahama programu, Ctrl na Tab inahama faili, na kwenye brauza inahama tabu. Hata hii nayo ni ya zamani, vijana mnaitumia kila siku kwenye Chrome hamjui mnamtumia nani.

mama_steshenari_Lindi:
Hahaa huu uzi umenikuta na wateja nimeusoma kwa kuiba iba. Mimi nina steshenari hapa Lindi mjini, mashine moja, printa moja, na foleni ya watoto wa shule na watu wa barua za maombi ya kazi, mausi yangu inakaa inaguswa na kila mtu kwa hiyo nimeshajizoeza kuishi bila hiyo.

Zangu ni hizi, hazihitaji historia ya IBM samahani mzee. Windows na D inafagia madirisha yote unabaki na sura ya mbele, ukigonga tena yanarudi yalivyokuwa, hii natumia mteja akiwa ananichungulia karatasi za mwenzie maana watu wa hapa kwa kuchungulia hawajambo. Windows na M nayo inashusha yote ila kuyarudisha ni Windows, Shift na M, sijui kwa nini waliweka zote mbili. Windows na L inafunga mashine na nywila, hiyo kama unatoka kwenda hata kununua maji usiiache, vijana wanaingia wanaanza kufungua mambo yao. Windows na E ya kufungua mafaili, mtu akileta flashi. Windows na namba, mfano 1, 2, 3, inafungua programu iliyokaa nafasi hiyo kwenye mstari wa chini kuhesabu kutoka kushoto, mimi nimeweka Word ya kwanza, Excel ya pili, brauza ya tatu, sigusi kitu kingine.

Na Alt na Tab jamani wengi wanaigonga na kuachia tu. Shikilia Alt, Tab gonga gonga mpaka ufike, ukipitiliza ongeza Shift inarudi nyuma, ukighairi gonga Esc. Vidole vikiwa vimechoka shika Ctrl, Alt na Tab, achia zote, yale madirisha yanabaki yametulia hapo unachagua kwa mishale na Enter.

Kitu cha kuangalia ni Alt na F4 kwenye laptopu ndogo ndogo. Nyingi F4 imepewa kazi ya sauti au mwanga, ukigonga inapandisha sauti, inabidi uongeze Fn. Nyingine ukishika Fn na Esc inageuza moja kwa moja hadi utakapoirudisha. Kwa hiyo mtu akikwambia shotikati haifanyi kazi muulize kwanza habari za Fn.

Karani kuprinti ni Ctrl na P halafu Enter, sidhani kama hiyo unaiuliza, ila ukiwa hapo Tab inakupeleka mbele kwenye kila kibokisi, Shift na Tab inarudisha nyuma, spesi inaweka na kutoa tiki. Na ukihitaji kile cha kubofya kulia, Shift na F10.

mwalimu_Nachingwea:
Kwa wale wanaotumia Linux badala ya Windows, shuleni kwetu tuna mashine chakavu tumeziweka Xfce, ile sura yake nyepesi ya madirisha, hizi alizosema mzee zipo hadi leo. Alt na F7 inahamisha dirisha, F8 inabadili ukubwa, F9 inashusha, F10 inapanua. Ndizo zilezile za OS/2, mfumo wa kompyuta wa zamani wa IBM, Microsoft kwao wakaachana nazo wakabaki na menyu ya Alt na spesi, watu wa Linux wakazitunza. Na kule ukishika Alt unaweza kuvuta dirisha kwa kulishika popote pale na mausi, si lazima ulishike juu. Nikikaa kwenye Windows hiyo ndo naikosa kuliko zote.

Wa Mac wasisahau kwao Command na Tab inahama programu siyo madirisha, madirisha ya programu moja wana kitufe kingine, kile kilicho juu ya Tab kwenye kibodi ya Kimarekani.

Mbishi_wa_Ruangwa:
Sasa mbona hakuna aliyetaja dawati pepe? Windows 10 toka imetoka 2015 ina kitu hicho, Windows, Ctrl na D unapata dawati jipya tupu, Windows, Ctrl na mshale unahama huku na huku, Windows, Ctrl na F4 unalifunga na madirisha yake yanahamia la jirani hayapotei. Mama wa Lindi badala ya kufagia unampa mchunguliaji dawati tupu kabisa, hata akigonga Windows na D haoni kitu.

mama_steshenari_Lindi:
Hii mdogo wangu umenipa kitu. Nimejaribu sasa hivi, nzuri mno. Ubishi wako leo umekuwa na faida.

karani_newala:
Ctrl na F10 imeleta ukurasa, nimeprinti, wazee wameshabandikiwa orodha yao kwenye mbao na sasa wanabishana wao kwa wao kuhusu makato, mimi simo. Maswali mawili ya mwisho. Kwanza, kwa nini limekumbuka sehemu ya projekta wakati projekta haipo? Pili, naizimaje hii mashine bila mausi, nimezoea kubofya tu, sitaki kushikilia kile kitufe cha kuwashia.

Fundi_Chikongola:
La kwanza. Skrini ya laptopu kama yako mara nyingi ina upana wa pikseli 1366, yaani vile vinukta vinavyotengeneza picha. Ukifunga projekta kulia na kuchagua kupanua skrini, Windows inachukulia projekta inaanzia pale ya laptopu inapoishia, kwa hiyo dirisha lililokuwa kule anwani yake ni labda 1500 kutoka kushoto. Programu inapofungwa inaandika anwani hiyo. Kesho ukiifungua inaenda moja kwa moja 1500, haiulizi kama kuna skrini huko. Programu nyingi za sasa zinakagua kwanza, za zamani baadhi hazikagui. Ndo maana sasa ukishaliweka mahali pake ulifunge likiwa hapo hapo, Alt na F4, liandike anwani mpya. Na mkutano ujao chagua ile ya kuonyesha kitu kimoja pande zote mbili, ipo humohumo kwenye Windows na P, projekta inaonyesha unachokiona wewe na hakuna dirisha la kupotelea ng'ambo.

La pili. Hifadhi kazi zako, Ctrl na S. Windows na D ubaki na sura tupu, halafu Alt na F4, kitatokea kibokisi cha kuzima, kikiwa kimeandika Shut down gonga Enter, kama kimeandika kingine badili kwa mshale. Njia nyingine Windows na X, kisha U, kisha U tena.

karani_newala:
Barikiwa sana fundi. Ila kuna sehemu kwenye mfumo wa malipo lazima ubofye, Tab haifiki, kuna kitufe kimejificha. Kesho asubuhi nitahitaji hicho kabla mausi haijafika.

Mzee_wa_Mikindani:
Laptopu yako ina zile namba za pembeni kulia, kama za kikokotoo? Kama zipo, shika Alt ya kushoto na Shift ya kushoto, gonga Num Lock. Itakuuliza kama unataka kuendesha mausi kwa kibodi, kubali kwa Enter. Namba 4 inapeleka kishale kushoto, 6 kulia, 8 juu, 2 chini, na 5 ndiyo kubofya, ukitaka kubofya mara mbili ni alama ya kujumlisha. Kwa mimi ambaye vidole vimeanza kukaza kuna na nyingine, gonga Shift mara tano mfululizo, baada ya hapo unaweza kugonga Ctrl ukaiachia kisha ukagonga herufi, huhitaji kushikilia vitu vitatu kwa pamoja.

karani_newala:
Namba za pembeni hazipo mzee, laptopu ndogo.

Fundi_Chikongola:
Basi tafuta kibodi yoyote ya waya yenye namba, hata ya deskitopu mbovu iliyo stoo hapo chamani, chomeka kwenye USB, laptopu inazipokea zote mbili kwa pamoja. Halafu fanya alichosema mzee kwa hiyo ya nje, Alt na Shift za kushoto na Num Lock yake. Kishale kinatambaa, ukishikilia namba kinaongeza mwendo. Na ile mausi usiitupe, ukipata mtu wa kushuka Mtwara mpe aniletee, nyingi ni waya umekatika pale unapoingilia tu.